Bahari ya mjomba au mikorosho ya mama mkwe?

Washikaji wa kijiweni kwetu Temeke waliposikia nimehamia Newala, mmoja wao aliniuliza swali moja tu: “Kwani wewe umeoa au umeolewa?” Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Na mimi nikacheka, maana kijiweni ukikasirika ndiyo umekwisha. Lakini usiku nilipolala lile swali likarudi, likakaa kichwani kama mbu ndani ya chandarua.

Basi leo nalijibu hapa. Na wewe unayesoma huku umebanwa kwenye daladala ukiota kuhama mji, ukaishi kijijini ule hewa safi na samaki wabichi, hebu soma mpaka mwisho kabla hujafunga virago. Kijiji kipo cha aina nyingi, bwana.

UKAPA ULIPOBISHA HODI

Kampuni niliyokuwa nafanyia kazi mjini ilipunguza watu, na mimi nikawa katika orodha ya waliopigwa chini. Nikashikishwa kiinua mgongo, si haba, lakini si cha kutambia. Wakati huohuo mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na Mai Waifu tumbo lina miezi sita pia. Yaani kila kitu kilikuwa sita sita.

Mai Waifu akanikalisha chini. Akasema, “Mume wangu, hela hii tukiilia hapa mjini, mtoto atazaliwa akute risiti tu.” Sikuwa na jibu.

Tulikuwa na pa kwenda pawili. Kwanza, Mikindani. Huko yupo mjomba wangu, kaka wa mama tumbo moja, mvuvi tangu ujana wake, ana mashua yenye injini na chumba kitupu uani. Pili, kijiji kimoja juu ya uwanda wa Makonde, nusu saa kwa bodaboda kutoka Newala mjini. Huko yupo mama mkwe, na mama mkwe ana mikorosho.

Mimi moyo wangu ulishachagua siku nyingi. Bahari! Nani aache bahari aende akaokote korosho? Lakini Mai Waifu akakataa kuchagua kitu asichokiona. Tukapatana: siku tano kwa mjomba, siku tano kwa mama yake, halafu ndipo tuamue. Ilikuwa Juni. Huo mwezi ukumbuke, nitaurudia.

MIKINDANI: UPEPO WA BURE

Kutoka Dar mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550. Zamani kipande cha Rufiji kilikuwa mateso, masika magari yanalala njiani kwa siku kadhaa. Tangu daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 hali ikaanza kubadilika, na siku hizi ukitoka alfajiri unalala Mtwara siku hiyohiyo. Basi likikaribia Mtwara, kama kilomita 10 hivi kabla, barabara inashuka na ghafla unaiona: ghuba ya mviringo kama sahani, maji yametulia, minazi, mibuyu mlimani, na chini yake nyumba kuukuu za mawe ya matumbawe zenye milango ya nakshi. Hiyo ndiyo Mikindani. Tuliomba tushushwe hapohapo.

Mji huu mdogo una historia ndefu kuliko umri wa mji wa Mtwara wenyewe. Majahazi yalikuwa yakija hapa na upepo wa kaskazi na kuondoka na kusi karne na karne. Biashara ya pembe na, tusifiche, ya watumwa, ilipita hapa. Mwaka 1866 David Livingstone alishukia Mikindani kuanza ile safari yake ya mwisho ya bara, ambayo hakurudi nayo hai. Wajerumani wakajenga boma lao mwaka 1895, jeupe, juu kidogo mlimani, ambalo baadaye lilikarabatiwa likawa hoteli. Ukipita jioni vichochoroni, watoto wanacheza chandimu kwenye magofu, unajisikia upo ndani ya kitabu.

Lakini mjomba hakunipeleka kwenye boma. Alinipeleka ufukweni, akanyoosha kidole majini.

“Unaona meli?”

“Sioni, mjomba.”

“Ndiyo hivyo. Bandari hii ilikufa nikiwa sijazaliwa.”

Akanieleza, na mimi nilikuwa nimesoma kidogo shuleni. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuja na ule mpango wao wa karanga, wakaanza kufyeka mapori mwaka 1947. Walitaka bandari ya kupakia karanga kwenye meli kubwa. Mikindani maji yake hayakufaa kwa meli za namna hiyo, wakaenda ghuba ya jirani yenye kina kirefu, Mtwara, wakajenga gati na kulaza reli. Karanga zenyewe zikagoma kuota kama walivyotarajia, na mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikaachana na mpango. Reli nayo ikaja kung'olewa. Lakini gati likabaki Mtwara, na ofisi zikabaki Mtwara, na Mikindani ikabaki na mashua zake.

Sikuelewa mara moja kwa nini mjomba ananipa somo la historia wakati mimi nimekuja kuangalia chumba. Nilielewa siku ya nne.

PESA YA KILA SIKU

Maisha ya Mikindani, kusema kweli, ni matamu kwa mtu wa mjini. Maji ya bomba yapo. Umeme upo. Daladala na bajaji za kwenda Mtwara mjini hazikauki, na hospitali ya mkoa ya Ligula iko hukohuko Mtwara. Kwa mwenye mimba hilo si jambo dogo. Mai Waifu siku ya kwanza alikunywa madafu mawili, akakaa barazani na wanawake wa mtaani, jioni hiyo akawa anajua nani kaachika na nani anaoa.

Na pesa unaiona kwa macho. Alfajiri mashua zinaingia, samaki wanamwagwa, mnada unapigwa palepale mchangani. Changu, tasi, kolekole, jodari akibahatika. Wachuuzi wa baiskeli na pikipiki wanagombea, akina mama wanachukua wa kukaanga, saa tatu kila mtu ana kitu mfukoni. Siku za bamvua, maji yakikupwa mbali kabisa, wanawake na watoto wanatawanyika kwenye miamba na vijiti vyao kutafuta pweza. Hapo hakuna anayesubiri mwisho wa mwezi wala mwisho wa msimu.

Nikamwambia Mai Waifu, “Unaona? Huku hatuchachi.”

Akaniambia, “Ngoja.”

Siku ya tatu nikaona nilichokuwa sikioni. Juni ni kusi. Nje ya ghuba bahari inachafuka, na mashua ndogo hazithubutu kwenda mbali. Mashua ya mjomba ilitoka usiku na vijana wanne, ikarudi na ndoo moja ya samaki mchanganyiko. Petroli ya injini ilikuwa imekopwa dukani. Nikauliza mgao unakwendaje. Kwa utaratibu wa mjomba, kwanza inatolewa gharama ya petroli na chakula, kinachobaki kinakatwa nusu: nusu ya mwenye mashua na nyavu, nusu ya vijana wote. Siku ile baada ya kutoa petroli hakikubaki kitu. Vijana waligawana samaki wa mboga, wakaenda kulala.

Na si kusi peke yake. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawaji kwenye taa, kwa hiyo kila mwezi zipo siku za kukaa na kushona nyavu. Bahari nayo ina mwisho wa mwezi wake, tofauti ni kwamba tarehe yake iko mbinguni.

Siku ya nne nikamkabili mjomba. Nikampa shikamoo, nikakaa chini, nikamwambia niko tayari kuweka kiinua mgongo changu kwenye nyavu mpya, niwe mshirika wake. Mzee akanyamaza kitambo. Halafu akasema maneno ambayo mpaka leo namheshimu kwayo.

“Mpwa wangu, wewe ni damu yangu, chumba ni chako hata leo. Lakini sitakudanganya. Mimi nina wanangu wanne. Nikifumba macho, mirathi itapigwa kama dini inavyosema, na mashua ni ya wanangu. Nyavu zako zitakuwa ndani ya mashua ya watu. Watakuita kaka, ndiyo, lakini utakuwa baharia wao.”

Nikamuuliza kama naweza kununua kiwanja basi, nijenge, nijitegemee. Akacheka. Gesi asilia iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, lakini watu hawakuchanganyikiwa mpaka miaka ya 2010, ilipotangazwa kwamba bomba litajengwa kupeleka gesi Dar. Mwaka 2013 Mtwara ilitikisika kwa vurugu, watu wakitaka gesi iwanufaishe kwanza wao, na mwaka 2015 bomba likakamilika. Kipindi kile, mjomba anasema, kila mwenye kichaka karibu na maji alijiona tajiri mtarajiwa. Homa ilishuka, lakini wapo ambao bado wameshikilia viwanja vyao wakingoja mzungu. Kwa hela yangu ningepata kipande nyuma ya mlima, mahali ambapo hata bahari huioni.

Hapo ndipo lile somo la meli likaniingia. Mtu anaweza kukaa bandarini na asiwe na chake bandarini.

JUU KWA MAMA MKWE

Kutoka Mtwara kwenda Newala ni kama kilomita 140. Njia inapita Nanyamba na Tandahimba, na ardhi inapanda polepole sana mpaka hujui kama unapanda. Unajua tu kwamba jasho limekauka na dereva kafunga dirisha. Pembeni ni mikorosho, mihogo, mikorosho, mbaazi, halafu mikorosho tena. Ukifika Newala, uwanda unakatika ghafla kama meza. Pale panapoitwa Shimo la Mungu unasimama ukingoni, chini kabisa bonde la Ruvuma limelala, na ng'ambo ni Msumbiji. Upepo wa pale usipime. Nilikuwa na fulana, nikaazima kanga ya mke wangu. Mtoto wa Temeke, Juni, najifunika kanga!

Mama mkwe ni mtu wa heshima za zamani, hakai mkeka mmoja na mkwe. Alikaa upande wake wa baraza, akaangalia uwanjani, mimi nikakaa upande wangu nikaangalia uwanjani vilevile, tukaongea hivyo, Mai Waifu katikati. Nikaletewa ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, na asubuhi ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini ambavyo watu wa Kusini wakiviona Dar wanakaribia kulia.

Nikauliza kwa adabu: “Mama, huku juu hakuna mto, hakuna ziwa, hakuna hata kijito. Wazee walifikiria nini kukaa hapa?”

Akatusimulia kisa cha asili ya Wamakonde. Hapo zamani palikuwa na mtu mmoja aliyeishi peke yake porini. Siku moja akachonga mti kwa umbo la mwanamke, akausimamisha, na usiku ukageuka mwanamke kweli, wakaoana. Wakateremka Ruvuma kwenye maji; mke akajifungua, mtoto akafa. Wakahamia bonde la Mbwemkuru. Akajifungua tena, mtoto akafa tena. Wakarudi juu, nchi kavu yenye vichaka, upande wa Mahuta. Mtoto wa tatu akaishi, na wengine wakafuata. Wazee wakaweka usia: msikae mabondeni kwenye maji makubwa, huko kuna maradhi na vifo.

Baadaye nilikuja kujua kwamba kisa hiki kimeandikwa zamani. Mjerumani mmoja, Karl Weule, alikaa Newala mwaka 1906 akichunguza mila, na alishangaa kama mimi nilivyoshangaa: watu hawa wanaacha maji bondeni, wanapanda nayo kichwani mwendo wa saa nzima na zaidi! Lakini ukifikiri vizuri, wazee hawakuwa wajinga. Bondeni kulikuwa na mbu, na ndiko walikopita wateka watumwa na wapiganaji wa Kingoni. Juu kulikuwa na vichaka vizito ambavyo mgeni hapenyi. Walichagua kiu wakaacha kaburi.

Mai Waifu alisikiliza kisa kile mkono uko tumboni. Mimi nilijifanya sijaona.

MIKOROSHO SI YAKO, BABA

Kesho yake mama mkwe akanipeleka shamba, yeye mbele, mimi nyuma hatua kumi. Mikorosho sabini na kitu, mingine mikubwa mpaka matawi yamelala chini kama ng'ombe. Juni ndiyo inaanza kuchipua na kutoa maua, na ndipo kazi inapoanza. Usipopuliza salfa, ubwiriunga unakausha maua yote, na msimu umekwisha kabla ya kuanza. Palizi ufanye, chini pawe peupe, maana korosho huzichumi, zinaanguka zenyewe na bibo lake. Oktoba mpaka Desemba unainama kuanzia asubuhi: unaokota, unanyonyoa bibo, unaanika, unajaza gunia. Mabibo yenyewe kuna wanaokamua uraka, na msimu huo ukipita kijijini jioni utasikia nyimbo kila upande.

Ukishakausha unapeleka chama cha msingi. Hapo ndipo utamu na uchungu. Tangu mwaka 2007 korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani: zinakusanywa, zinapigwa mnada, wanunuzi wanashindana, pesa inaingia akaunti. Bei ikiwa nzuri, kijiji kinawaka. Utaona bati jipya, pikipiki mpya, na mara nyingine mke mpya. Bei ikiwa mbaya, ni kilio. Mwaka 2018 wakulima waligoma kuuza kwa bei waliyopewa, Rais Magufuli akaingilia kati, akaamuru serikali yenyewe inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wanajeshi wakapelekwa kusomba korosho. Bei ilikuwa tamu, lakini wapo waliongoja malipo miezi na miezi. Kwa hiyo kama bahari inakulipa kila siku kidogo, mkorosho unakulipa mara moja kwa mwaka, na siku ya kulipwa huijui.

Nikiwa bado napiga hesabu za magunia, mama mkwe akasimama chini ya mti mmoja, akaongea bila kunitazama.

“Mkwe wangu, nisikufiche. Mikorosho hii siyo yako. Haikuwa ya marehemu mume wangu pia. Kwetu ardhi inafuata tumbo la mama. Niliipata kwa mama yangu, ni ya mkeo, na ya huyo anayekuja. Wewe utailima, utaila, utaheshimiwa. Lakini si yako.”

Jamani! Mikindani mashua si yangu. Newala mikorosho si yangu. Nikarudi kijijini mdogo kama senti tano.

USIKU WA MANENO

Usiku ule tuligombana, nisiseme uongo. Nikamwambia Mai Waifu siwezi kuishi ukweni, Temeke watanicheka, mwanamume gani anayehamia kwa mama wa mke wake. Nikamwambia Mikindani kuna umeme, kuna hospitali, kuna pesa ya kila siku, na kuna bahari. Nikasema bahari kama mara kumi.

Akaniacha nikamaliza. Halafu akasema taratibu:

“Kule wewe utakuwa baharia wa watoto wa mjomba, na mimi nitakuwa mgeni wa baharia. Mtoto wetu atakuwa mgeni wa wageni. Huku, katika sisi watatu, wawili tupo kwetu. Ni wewe peke yako utakayekuwa mgeni. Kwani huwezi?”

Nikanyamaza. Maana mjini tulikuwa wageni wote wawili, tena wa kulipia, na sikuwahi kulalamika kwamba nimeolewa na mwenye nyumba.

Akaendelea: “Mimi huku sitaki kitu kimoja tu, kubeba maji. Mama amebeba maji mpaka shingo imezama. Mimi sitabeba, na mtoto wangu hatabeba. Ukinitatulia hilo, nitakaa.”

Hapo ndipo nikakumbuka Juni. Juni Newala kila mtu anaipenda. Mvua zimetoka kuisha, visima vya majumbani vimejaa maji ya mvua. Mama mkwe mwenyewe alituambia: “Njooni Oktoba ndipo mseme mmependa.” Maji ya bomba yapo, mradi wa Makonde wa tangu miaka ya 1950 unayasukuma kutoka bondeni mpaka juu, lakini kijijini kwetu bomba lilikuwa likitoa siku linalotaka. Kiangazi kikikolea ndoo inaletwa na baiskeli au bodaboda, na bei yake inapanda kama sukari ya Ramadhani. Mwezi wenye pesa za korosho ndiyo mwezi usio na maji. Na upande wa pili, Juni hiyohiyo tulikuwa tumeiona Mikindani katika mwezi wake mbaya. Kama tungekwenda Januari, bahari imetulia kama chai, leo ningekuwa baharia.

KISIMA KWANZA

Tukaamua juu. Kiinua mgongo hatukununulia pikipiki, hatukujengea sebule. Tuliezeka bati nyumba ya vyumba viwili, tukaweka mifereji ya kukinga maji, na uani tukachimbiwa kisima kikubwa cha kuhifadhi maji ya mvua, kikasakafiwa kwa saruji. Majirani walishangaa: nyumba ndogo, kisima kikubwa!

Nisikupe hadithi tamu tupu. Fundi aliyesakafia alibana saruji. Mvua za kwanza kisima kikajaa, tukapiga vigelegele, wiki mbili baadaye maji yamefika magotini na hakuna aliyeyachota. Kilikuwa kinavuja. Tukarudia sakafu yote kwa pesa za msimu wetu wa kwanza wa korosho, na mimi nikasukuma baiskeli yenye madumu wiki tatu nzima. Maana ahadi ni ahadi, Mai Waifu habebi maji. Vijana wa kijijini wakanipa jina, nalo nalificha.

Kabla ya yote hayo, Septemba, wiki mbili kabla ya siku zake, tulihamia kwa shemeji Newala mjini, karibu na hospitali. Akajifungua salama, mtoto wa kike. Mama mkwe alikuja, akampokea, akamtazama muda mrefu. Akasema, “Karibu, mwenye mikorosho.” Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na nakwambia msomaji, sikujisikia mgeni kama nilivyoogopa. Baba wa mwenye mikorosho si cheo kidogo.

Kwenda kumwambia mjomba kulikuwa kugumu zaidi. Nilishuka Mikindani mwenyewe, sikumpigia simu. Mjomba hapigiwi simu kwa jambo kama hilo. Alinisikiliza, akatafuna tambuu lake, akasema tu, “Mkeo ana akili.” Halafu akanifungia ng'onda kilo tatu nipande nazo.

KABLA HUJAFUNGA VIRAGO

Kwa hiyo wewe ndugu yangu unayetaka kuhamia kijijini, cha bandarini au cha bara, nakuachia maswali manne. Nimeyalipia, wewe pata bure.

1. Umekiona katika mwezi wake mbaya? Pwani nenda wakati wa kusi. Bara nenda kiangazi kinapoishia.

2. Pesa inakuja kila siku au kwa msimu? Ya kila siku inataka afya na bahati. Ya msimu inataka akiba na subira, la sivyo utauza korosho zikiwa bado maua.

3. Maji yanatoka wapi, na yatabebwa na nani? Usimuulize mwenyekiti wa kijiji. Waulize akina mama.

4. Katika nyinyi mnaohama, nani atakuwa kwao? Kama jibu ni hakuna, fikiri mara mbili, hata kama mandhari ni bomba kiasi gani.

Bahari bado naikosa, sitaki kusema uongo. Usiku upepo ukipiga mikorosho, nikifumba macho, mlio wake ni wa mawimbi kabisa. Kila baada ya miezi miwili mitatu tunateremka Mikindani na korosho za kubanika, tunarudi na ng'onda na pweza mkavu. Mtoto anachezea mchanga, mjomba anamwita binti wa mlimani. Na kila mwaka ikifika Oktoba simu yangu inaita, ni mjomba, hata salamu hasubiri.

“Mpwa, maji mnayo?”

Tunayo, mjomba. Mwaka huu tunayo.

Na wewe wa kijiweni Temeke uliyeuliza, jibu lako hili hapa: nimeoa. Ila nakaa kwa mwanangu.